Wimbo Tunaoupenda, Jina Tusilolitaja



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo: nyimbo tunazozisikia redioni, za zamani na za siku hizi. Sisi tunaoandika mistari hii ni wapenzi wa muziki tangu utotoni, wala hatuoni haya kulisema. Tulikua katika nyumba ambamo betri za redio zilianikwa juani ili zipate nguvu za kumaliza kipindi kimoja zaidi, na mtoto aliyegusa kitufe cha masafa bila ruhusa alijua kitakachompata. Mapenzi hayo hayajatutoka. Hata leo, tukipita mbele ya kibanda cha fundi cherehani na kusikia gita la solo tunalolifahamu, mguu hupunguza mwendo wenyewe.

Wimbo una tabia moja ya ajabu: hutukuta popote bila kupiga hodi. Unatukuta ndani ya daladala, saluni, dukani, jikoni, hata kwenye benchi la zahanati tukisubiri kuitwa. Kwa sababu hiyo ni rahisi kuuzoea kama tunavyozoea hewa, tukaupokea, tukauimba, tukauchezea harusini, pasipo kujiuliza umetoka mikononi mwa nani. Swali hilo ndilo tunalotaka tulitafakari pamoja leo: wimbo huu ni wa nani?

Kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa na daftari la kawaida la shule, lenye mistari, ambalo tumeligawa kwa kalamu na rula katika safu chache. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili ni jina la wimbo, ya tatu ni bendi au mwimbaji, ya nne ni mtunzi, na ya tano ni wapigaji: nani alishika solo, nani rithimu, nani besi, nani alipuliza saksafoni. Kila jioni, kazi zikiisha, tunaandika tulichokisikia siku hiyo. Ukilifungua daftari hilo popote, utaona jambo lile lile. Safu mbili za mwanzo zimejaa. Ya tatu imejaa kiasi. Safu ya mtunzi ina nafasi nyingi tupu, na ya wapigaji ni kama shamba ambalo mvua haikufika. Si kwamba watu hao hawakuwapo. Kila noti ilipigwa na mtu mwenye jina, mwenye mama aliyempa jina hilo. Ni kwamba wimbo ulipopigwa, hakuna aliyewataja.

Tuseme kwanza neno la shukrani kwa redio, kwa maana bila yake tusingekuwa na la kuandika. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka 1965 serikali ikayachukua yakawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilitegemea redio hiyo moja ya taifa. Bendi zilikuja studio, zikapanga vyombo, zikapiga wimbo wote kwa pamoja, na kosa la mmoja lilimaanisha wote warudie. Maneno ya wimbo yalipitiwa kwanza ili kuhakikisha hayana matusi wala uchochezi. Kisha kanda ikahifadhiwa. Laiti kanda zile zisingehifadhiwa, sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa nchi hii ingekuwa imekwenda na upepo, kwa kuwa nyimbo nyingi hazikupata kutolewa katika santuri, na zile zilizopata bahati hiyo nyingi zilichapwa Nairobi.

Redio hiyo hiyo ilitufundisha pia kitu juu ya thamani ya jina. Wengi wenu mnazikumbuka kadi za salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akajaza jina lake na mahali alipo, akaorodhesha anaowasalimu, akachagua wimbo, akaituma kwa posta. Kisha akangoja. Siku mtangazaji alipoisoma kadi hiyo, jina la mkulima wa kijiji kilichoko mbali na barabara lilisikika nchi nzima, likifuatiwa na majina ya shemeji, binamu na rafiki wa shule. Wapo waliokuwa wakisikiliza kwa ajili ya majina kuliko wimbo wenyewe. Palikuwa na vipindi vya kuwasalimu wagonjwa waliolazwa hospitalini, na aliyelala kitandani akisikia jina lake alijua kwamba hajasahaulika. Hakuna aliyepewa shilingi kwa kutajwa, lakini hakuna aliyethubutu kusema kwamba kutajwa si kitu.

Hapo ndipo ajabu yetu inapoanzia. Katika vipindi vile majina kumi ya wasalimiwa yalisomwa kwa utaratibu mzuri, na baada yake ukapigwa wimbo ambao mara nyingi jina la mtunzi wake halikusomwa. Tulijua ni bendi gani, kwa kuwa bendi zilikuwa na mitindo iliyojulikana kama kabila la mtu: huyu ni Msondo, yule ni Sikinde. Lakini mtu aliyekesha na kalamu akitafuta neno linalokubaliana na sauti, huyo alibaki nyuma ya pazia.

Haikuwa hivyo siku zote, na mfano mzuri unatoka Zanzibar. Mwanamke tunayemjua kwa jina la Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, na jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Hakujua kusoma wala kuandika. Alikwenda mjini, akajifunza kuimba, na sauti yake ikamfikisha hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Binti aliyeitwa Mtumwa alirudi akiwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na santuri zikapeleka jina hilo katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert, mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha yetu, aliona maisha ya mwimbaji huyo yanastahili kitabu kizima, akaandika wasifu wake. Tukitafakari jambo hilo kwa utulivu tunaona kwamba kumtaja msanii kwa jina lake hakukuanza na haki za kisheria za siku hizi. Wazee wetu walijua.

Walijua pia jinsi ya kumlipa. Mnaofahamu shughuli za taarabu mmeona desturi ya kutunza: msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka kitini, hutembea hadi mbele, akamwekea mwimbaji noti mkononi huku wote wakiona. Anayetoa anajulikana, na anayepokea anajulikana. Ndiyo maana tuna msemo kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lugha yetu imeyaweka maneno mawili karibu sana: mtunzi ni yule anayetunga, naye msikilizaji ndiye anayetunza. Moja bila jingine ni kazi nusu. Katika ukumbi mambo hayo mawili yalikutana uso kwa uso. Redio ilipokuja, ikautoa wimbo nje ya ukumbi, ukaenda mahali ambapo mwimbaji haonekani. Tangu siku hiyo utunzaji ulihitaji njia nyingine, na njia hiyo ilihitaji jina.

Tuangalie kinachotokea jina linapopotea au linapogombaniwa. Karibu kila mgeni anayefika nchi zetu huimbiwa "Malaika". Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi na kuusambaza akiwa na Jambo Boys. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka katika sahani yao ya pamoja ya mwaka 1965, na mwaka 1981 kundi la Boney M. likauimba tena Ulaya. Lakini wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi wa kwanza alikuwa Adam Salim, na mjadala huo haukuzimika hata baada ya Fadhili William kufariki mwaka 2001. Sisi si mahakama, wala hatutaki kuamua. Tunachokiona ni kwamba wimbo wa kijana asiye na fedha za mahari umezunguka dunia nzima, umeingiza fedha katika mifuko ya watu wa mbali, na nyumbani kwake bado watu wanaulizana baba yake ni nani.

Si huku kwetu tu. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Mzulu mmoja aitwaye Solomon Linda alirekodi na kundi lake wimbo ulioitwa "Mbube", yaani simba. Haki za wimbo ule aliziuza kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa jina na maneno, na mwaka 1961 kundi la The Tokens likaupandisha kileleni Marekani. Mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya The Lion King, ambayo watoto wetu wameitazama mpaka wakaikariri. Linda mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki tangu 1962, akiwa maskini, na mjane wake hakuwa na fedha za kuweka jiwe juu ya kaburi. Ilichukua hadi mwaka 2006 ndipo binti zake walipofikia mapatano yaliyowapa sehemu ya mapato ya wimbo wa baba yao. Tunautaja mfano huu kwa sababu unaonyesha jambo kwa uwazi. Wimbo haukupotea hata siku moja. Ulipendwa na mamilioni. Kilichopotea ni uzi unaounganisha wimbo na mtu, na uzi huo ulipokatika, fedha nazo hazikuwa na njia ya kurudi nyumbani.

Turudi kwetu, kwa mtu ambaye wengi wenu mlimcheza ukumbini. Muhiddin Maalim Gurumo aliimba katika NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ambayo baadaye ilibadilisha majina kadiri chama hicho kilivyobadilika, JUWATA, kisha OTTU, hadi ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, ile Sikinde. Sauti yake ilisikika redioni kwa takriban nusu karne. Mwaka 2013 alipotangaza kustaafu kwa sababu ya afya, alisema wazi kwamba katika miaka yote hiyo hakupata kumiliki gari. Neno hilo likamfikia kijana wa muziki wa siku hizi, Diamond Platnumz, naye akamzawadia mzee gari. Mwezi wa Aprili mwaka 2014 Gurumo akafariki dunia.

Tulifurahi kwa tendo la kijana yule, na tunaendelea kulisifu. Ni tendo la mtoto anayemjua mzazi wake. Lakini furaha ile haikuweza kufunika swali lililokuwa chini yake. Kama sauti ya mzee imepigwa hewani kwa nusu karne, katika mabaa, katika mabasi, katika sherehe na katika vipindi vya zilipendwa vya kila Jumapili, kwa nini gari lake lilipaswa kuja kama zawadi? Zawadi ni jambo jema, lakini zawadi si ujira. Zawadi hutegemea moyo wa mtoaji na siku aliyoamka nayo. Ujira ni wa mwenye jasho, hata kama anayelipa hampendi. Tulipofundishwa katekisimu tuliambiwa kwamba kuuzuia ujira wa mfanyakazi ni miongoni mwa dhambi zinazolilia mbinguni, nasi tulizoea kumfikiria kibarua wa shambani. Mpiga besi naye ni mfanyakazi.

Tumeona pia namna nyingine ya jambo hilo hilo. Mwanamuziki mkongwe anaugua. Habari zinatangazwa. Nyimbo zake zinapigwa mfululizo huku watu wakiombwa kuchangia matibabu. Watu wema wanachanga, na Mungu awabariki. Lakini ukikaa na kufikiri, nyimbo zile zile zinazopigwa ili kumwombea msaada ndizo ambazo, kama hesabu ingekuwa sawa, zingemlipia hospitali bila yeye kuomba.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka kwamba haki za mtunzi zinadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na kupitia sheria hiyo ikaundwa COSOTA. Tuchukue mfano wa Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyekufa kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari mwaka 1979 akiwa na umri wa miaka 34 tu. Kwa hesabu hiyo ya miaka 50, warithi wake wana haki katika tungo zake hadi mwaka 2029. Marijani Rajab, Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995. Warithi wake wanafika mwaka 2045. Kwa hiyo hatuzungumzii mambo ya makumbusho. Tunaposikia gita la Mbaraka asubuhi, kuna watu walio hai ambao jambo hilo linawahusu.

Mwezi wa Januari mwaka 2022 COSOTA iligawa mirabaha kwa wanamuziki kutokana na nyimbo zilizopigwa redioni, na tulilipokea tukio hilo kwa matumaini. Tazama jinsi mgao wa namna hiyo unavyofanya kazi. Ili fedha imfikie mtu, ni lazima wimbo uliopigwa uandikwe, na uandikwe kwa jina sahihi la wimbo na jina sahihi la mwenyewe, naye mwenyewe au mrithi wake awe amesajiliwa. Orodha ikisema tu kwamba saa nne ilipigwa zilipendwa moja ya Sikinde, fedha hiyo inasimama njiani kama barua isiyo na anwani. Hapo nafasi tupu katika daftari letu zinaacha kuwa jambo la mapenzi ya muziki tu. Kila nafasi tupu inaweza kuwa karo ya mjukuu wa mtu.

Tumewahi kuambiwa na ndugu mmoja, kwa nia njema kabisa, kwamba muziki wa zamani ulikuwa mali ya bendi, si ya mtu. Vyombo vilikuwa vya chama, vya jeshi au vya shirika, wanamuziki walilipwa mshahara, na baadhi ya mapigo yenyewe yalitoka Cuba kupitia santuri na mengine yalikuja na ndugu zetu kutoka Kongo. Je, tunawezaje kumtafuta mwenye wimbo mmoja? Hoja hiyo ina uzito. Salum Abdallah wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali mwaka 1965, hakuficha alikolipata pigo lake: bendi yake iliitwa Cuban Marimba. Muziki hukopeshana, na ni vizuri ukikopeshana. Lakini hoja hiyo inatuongezea majina ya kutaja. Haitupi ruhusa ya kuacha kutaja. Tukisema pigo hili lilitoka Cuba, tungo hii ni ya fulani, ameimba fulani na fulani, solo ni la fulani, bendi ni fulani, tumetenda haki kwa wote. Tukisema "ni wimbo wa zamani tu", hatujamtendea haki yeyote.

Katika jambo hili vijana wa Bongo Fleva wametutangulia, ingawa wazee tunapenda kuwalaumu. Sikilizeni nyimbo zao kwa makini. Kabla mashairi hayajaanza, mara nyingi mtasikia jina la mwimbaji, jina la studio, na jina la aliyetengeneza mdundo. Wapo wanaoona huko ni kujisifu. Sisi tunaona ni busara ya watu waliojifunza kutokana na yaliyowapata baba zao: wameliingiza jina ndani ya wimbo wenyewe ili mtangazaji mvivu asiweze kulitoa. Na hata hilo si geni. Katika muziki wa dansi, wimbo ulipofika sehemu ya kuchezea, mwimbaji alimwita mpiga solo kwa jina ili aingie. Majina mengi ya wapigaji tuliyonayo katika daftari tumeyapata kwa njia hiyo, tukisikiliza sauti ya mwenzake ikimwita.

Pengine mnamfahamu Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu huko Kongo mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, akawa sauti ya wanyonge akiwa na Super Matimila, na mwishoni mwa maisha yake akageukia nyimbo za injili hadi alipofariki mwezi Desemba mwaka 2010. Huko Sinza pana kituo kinachoitwa kwa Remmy. Makonda wanalitaja jina lake kutwa nzima, na vijana wengi wanaoshuka pale hawajui wimbo wake hata mmoja. Kwa Remmy jina limebaki na wimbo unafifia. Kwa "Malaika" wimbo umebaki na jina lina utata. Mioyo yetu ingetulia zaidi kama tungeweza kuvishika vyote viwili.

Sasa tuje karibu zaidi, ndani ya kwaya zetu wenyewe. Mnajua jinsi nakala za nyimbo zinavyosafiri kutoka parokia moja hadi nyingine. Mtunzi, mara nyingi mwalimu wa shule au karani fulani, huandika nota zake kwa mkono usiku, na pembeni juu huandika jina lake na mahali alipo. Karatasi hiyo inatolewa fotokopi, na fotokopi nayo inatolewa fotokopi, na kila mara ukingo wa karatasi unaliwa kidogo. Katika nakala ya tano au ya sita, jina limekatika. Kwaya inaimba vizuri, waamini wanafurahi, huenda hata kanda inarekodiwa na kuuzwa, na mwalimu yule anasikia wimbo wake ukiimbwa mkoa mwingine kana kwamba umeshuka kutoka mawinguni. Kuimba wimbo wake ni heshima kwake. Kulikata jina lake, hata kwa uzembe wa mashine, si heshima.

Basi tunapendekeza mambo machache ambayo hayahitaji fedha nyingi wala mamlaka makubwa. Mnaosimamia kwaya, angalieni nakala zenu juma hili. Pale jina lilipokatika, ulizeni, mkaliandike tena kwa kalamu kabla nakala nyingine haijatolewa. Mnaoandaa sherehe za harusi na jubilei, mkialika bendi ya wazee, wekeni ujira wao katika bajeti pamoja na chakula na mapambo, na muwape siku ile ile bila kuwazungusha. Mnaofanya kazi katika redio za jimbo au za jamii, tajeni mtunzi kabla au baada ya wimbo, na jina hilo liandikwe katika orodha ya siku. Ni sekunde tano tu. Mlio na babu, baba au mjomba aliyewahi kupiga katika bendi yoyote, hata ndogo ya wilaya, kaeni naye akiwa bado anakumbuka. Mwulizeni aliimba nini, na nani, mwaka gani, tungo ilikuwa ya nani. Andikeni. Kisha ulizeni kama jina lake limesajiliwa mahali panapohusika, na kama amekwisha kututoka, kama warithi wake wanajua haki yao.

Na ninyi mlio kama sisi, mnaosikiliza tu, msione kwamba hamna la kufanya. Mtoto akiuliza huu ni wimbo gani, msimjibu kwamba ni wimbo wa zamani. Mpeni jina. Kama hamlijui, mtafuteni anayelijua. Katika kila mtaa yupo mzee mmoja ambaye ukimpigia sekunde kumi za mwanzo atakutajia bendi nzima, hadi mpiga tumba. Wazee wa namna hiyo wanapungua kila mwaka, na hakuna kanda iliyohifadhi yale wanayoyakumbuka vichwani.

Daftari letu bado lina nafasi tupu nyingi. Yeyote kati yenu anayemfahamu mpigaji wa wimbo fulani, au aliyewahi kupiga mwenyewe, atatufurahisha akitusimamisha Jumapili baada ya Misa na kutupa jina hilo. Kalamu tutakuwa nayo.

Tunawatakieni nyote juma jema.